Shajara ya mradi: kusoma Beowulf kwa sauti mbele ya watu wazima

12 Septemba

Kamati yetu ya watu sita imekubaliana leo kwamba mradi utaanza mwezi ujao, nami nimepewa kazi ya kutunza shajara. Kumbukumbu rasmi za vikao zitaandikwa kwa Kiingereza. Hii naiandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa hapa Ipswich na kwingineko ambao wameniuliza mara kadhaa ni jambo gani hasa tunalolifanya.

Jambo lenyewe ni hili: kuanzia Oktoba hadi Januari, Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, isipokuwa wakati wa sikukuu, tutausoma kwa sauti utenzi wa Beowulf wote, mistari 3182, mbele ya watu wazima, katika ukumbi wa umma na bila kiingilio. Utenzi huu ulitungwa kwa Kiingereza cha Kale na mshairi asiyejulikana jina, na umetufikia katika mswada mmoja tu, ulionakiliwa mnamo mwaka 1000. Unasimulia habari za Beowulf, shujaa wa Wageati, watu wa kusini mwa Uswidi ya leo, aliyevuka bahari kwenda kumsaidia Hrothgar, mfalme wa Wadani, ambaye ukumbi wake ulikuwa ukivamiwa usiku na zimwi liitwalo Grendel. Beowulf anamuua Grendel, kisha anamuua mama yake Grendel aliyekuja kulipiza kisasi, halafu anarudi kwao na hatimaye anakuwa mfalme. Baada ya kutawala miaka 50 anapambana na joka, analiua, naye anakufa kwa jeraha la sumu.

Nimesisitiza kwenye kikao kwamba tuseme wazi katika matangazo kuwa usomaji huu ni wa watu wazima, na wenzangu wamekubali. Watu wengi hapa Uingereza waliupata utenzi huu shuleni wakiwa wadogo, ukiwa umefupishwa kuwa hadithi ya zimwi linalong'olewa mkono. Karibu theluthi nzima ya mwisho, inayohusu mfalme mzee na watu wake wanaojua kwamba akifa hawana mlinzi, mara nyingi huondolewa au hupitwa haraka. Msichana wa miaka kumi hana haja nayo, lakini mtu aliyekwisha kuzika wazazi, au aliyewahi kukaa na mgonjwa usiku kucha, anaihitaji, na pengine hajui kwamba ipo.

Kwangu mimi kuna sababu nyingine. Nililelewa Mombasa, katika nyumba ambamo utenzi haukuwa kitu cha kusomwa kimya. Shangazi yangu alikuwa akighani Utendi wa Mwana Kupona huku akichambua mchele, na mimi sikuuona utendi huo kwenye karatasi mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nilipoanza kuusoma Beowulf kimya kimya kitandani, kurasa zilinilemea, na nilipousoma kwa sauti jikoni, peke yangu, niliumaliza kwa siku nne.

19 Septemba

Tumekubaliana juu ya tafsiri. Tafsiri za watu walio hai, au waliofariki karibuni, zinahitaji kibali na malipo zikisomwa hadharani, na fedha hatuna. Tumechagua ile ya Francis Gummere, Mmarekani aliyeitoa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa haki zake zimekwisha muda na kwa kuwa alijitahidi kuhifadhi mapigo ya utenzi wa asili. Baadhi ya maneno yake ni ya kikale mno hata kwa Waingereza wenyewe, kwa hiyo yale yanayoweza kumkwaza msikilizaji tutayaeleza kwa sentensi moja kabla ya kuanza.

Mapigo hayo yanahitaji maelezo, maana hayafanani na yetu. Utenzi wa Kiswahili unasimama kwa hesabu ya silabi na kwa vina: kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, vitatu vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachorudi hadi mwisho. Utenzi wa Kiingereza cha Kale hauna vina wala hauhesabu silabi. Kila mstari umekatwa katikati kwa kituo, kila nusu ina mikazo miwili, na kinachozifunga nusu hizo mbili pamoja ni takriri ya sauti ya mwanzo. Mstari wa nne ni mfano mzuri: *Oft Scyld Scefing, sceaþena þreatum*. Herufi sc hutamkwa sh, na þ hutamkwa th, kwa hiyo Mswahili anaweza kuusoma bila taabu. Mikazo mitatu ya kwanza inaanza kwa sh, na wa nne unakataa, kama kanuni inavyotaka. Mkazo wa tatu, ulio baada ya kituo, ndio unaotawala mstari mzima. Msomaji asipoupiga mkazo huo barabara, mstari unalegea, na msikilizaji anahisi ulegevu huo hata kama hawezi kuueleza.

28 Septemba

Mazoezi ya kwanza. Wasomaji ni saba, kila mmoja akiwa na kikao chake, na kikao cha mwisho watagawana wawili kati yao. Tulipojipima kwa saa, msomaji asiye na haraka alimaliza mistari kumi kwa dakika moja. Mistari 400 basi ni dakika 40, na hicho ndicho kiasi tutakachosoma kila jioni, tukigawanya dakika hizo mara mbili kwa mapumziko ya chai.

Tumejiwekea kanuni tatu. Msomaji atie alama ya penseli kwenye kila kituo cha katikati na avute pumzi hapo, lakini asishushe sauti, maana sauti ikishuka msikilizaji hudhani maneno yamekwisha. Asiigize sauti za wahusika. Asimame, na taa iwe moja tu, juu ya kitabu chake.

Mmoja wa wasomaji, dereva wa basi mwenye sauti nzito na safi, alitaka kujitoa kwa sababu hajawahi kusoma mbele ya watu tangu shuleni, ambako alichekwa. Nilimsimulia habari za Caedmon, kama alivyoziandika Bede, mtawa na mwanahistoria, katika historia yake aliyoikamilisha mwaka 731. Caedmon alikuwa mchunga ng'ombe katika monasteri ya Whitby wakati wa abesi Hild. Kwenye karamu kinubi kilikuwa kikipitishwa mkono kwa mkono, kila mtu aimbe kwa zamu, na Caedmon alipoona kinamkaribia aliinuka na kuondoka kwenda zizini, kwa kuwa hakujua kuimba. Usiku huo aliota mtu akimwamuru aimbe juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, akaimba, na maneno yake yakawa miongoni mwa mashairi ya kwanza tuliyonayo kwa Kiingereza. Dereva wetu alisikiliza bila kusema neno, kisha akaomba apewe kikao cha saba.

3 Oktoba

Kikao cha kwanza, mistari 1 hadi 400 hivi. Viti 40 tulivipanga nusu duara, na 23 vilipata watu.

Tulianza na mistari 11 ya Kiingereza cha Kale, iliyosomwa na mwalimu mstaafu aliyeisomea lugha hiyo ujanani. Neno la kwanza ni *Hwæt*. Kwa muda mrefu limekuwa likitafsiriwa kama mwito wa kuwanyamazisha watu, mfano wa "Sikilizeni!", na ndivyo tulivyokusudia kulieleza. Lakini mwaka 2013 mwanaisimu George Walkden alionyesha kwamba neno hilo, kwa jinsi linavyotumika katika maandishi mengine ya wakati ule, halisimami peke yake: linaungana na sentensi inayofuata na kuipa nguvu ya mshangao, kama mtu asemaye, "Ni kwa namna gani tumesikia utukufu wa wafalme wa Wadani!" Mwalimu wetu alilisoma bila kulipigia kelele, akaliunganisha na yaliyofuata, na ukumbi ukanyamaza wenyewe.

Kipaza sauti tulikizima baada ya dakika tano. Kilizifanya konsonanti za mwanzo zivume, na katika utenzi huu zikivuma hizo hakibaki kitu.

Baada ya mistari hiyo 11 inakuja maziko ya mfalme Scyld: wanamlaza ndani ya jahazi karibu na mlingoti, wanamrundikia silaha na hazina, wanaliachia bahari, na hakuna ajuaye ni nani aliyeipokea shehena ile. Ninaandika haya saa sita ya usiku nikiwa bado nauona mkono wa bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, na aliposikia maneno hayo alikiweka chini sakafuni, taratibu sana, asije akakigonga.

17 Oktoba

Kikao cha pili, pambano na Grendel. Wenye kusimamia ukumbi walikuwa wamekodisha chumba cha pili kwa darasa la mazoezi ya viungo, na muziki ulipenya ukutani tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wanne waliondoka wakati wa mapumziko. Tumeandika barua ya malalamiko na tumeahidiwa kwamba haitatokea tena.

Hata hivyo nimejifunza jambo. Zimwi linakaribia kwa hatua tatu, na kila mara mshairi anarudia kitenzi kilekile, *com*, yaani "alikuja": alikuja katika usiku wa giza, alikuja kutoka kwenye kinamasi, alikuja hadi ukumbini. Kwenye ukurasa marudio hayo yanaonekana kama uzembe. Msomaji wetu aliyaacha yapande bila kuongeza kasi, na licha ya kelele za ukutani niliona watu wakigeuka kutazama mlango.

23 Oktoba

Leo si siku ya kikao, lakini ni tarehe ambayo mswada wa Beowulf uliponea chupuchupu. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1731 moto uliwaka katika jumba la Ashburnham huko London, ulimohifadhiwa mkusanyo wa vitabu wa Cotton. Mswada uliokolewa, lakini kingo zake ziliungua, na miaka iliyofuata zikawa zinamomonyoka kila kurasa zilipofunuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1780 mwanachuoni wa Kiaislandi, Thorkelin, alikuwa London akapata nakala mbili, moja iliyonakiliwa na mtu aliyemwajiri na moja ya mkono wake mwenyewe. Nakala hizo zina herufi karibu elfu mbili ambazo leo hazipo tena kwenye mswada. Yeye ndiye aliyeuchapisha utenzi kwa mara ya kwanza, Copenhagen, mwaka 1815.

Nimependekeza kwa kamati kwamba palipo na pengo lisilozibika, msomaji asilipite kana kwamba halipo. Anyamaze kwa kiasi cha pumzi moja, kisha aendelee. Wamekubali.

31 Oktoba

Kikao cha tatu, na kosa letu kubwa kufikia sasa.

Baada ya Grendel kushindwa, kuna karamu, na katika karamu hiyo mshairi wa mfalme anaimba kisa cha Finnsburg, kuanzia karibu na mstari wa 1063 hadi wa 1159. Ni kisa kigumu. Hildeburh, binti wa kifalme wa Wadani, ameolewa na Finn, mfalme wa Wafrisia, ili ndoa yao ilete amani kati ya koo mbili. Amani inavunjika. Kaka yake anauawa upande mmoja, mwanawe anauawa upande wa pili, naye anaamuru maiti zote mbili ziwekwe kwenye lundo moja la kuni za kuchomea maiti, mjomba na mpwa bega kwa bega. Mshairi wa Beowulf anasimulia kwa mafumbo, kama mtu anayezungumza na wanaokijua kisa tayari. Kamati iliogopa kwamba wasikilizaji watapotea, ikaamua kukiruka na kuweka muhtasari wa sentensi tatu. Nami nilipiga kura ya kukubali, naiandika hapa.

Matokeo yake ni kwamba mara tu baada ya muhtasari, malkia Wealhtheow aliingia ukumbini na kikombe, akamsihi mumewe na wageni wawatendee wema wanawe wawili, na maneno yake yakapita bila uzito wowote. Kwa nini mwanamke huyu anaomba hivi, usiku wa furaha? Mama mmoja aliniuliza swali hilo mlangoni, nikashindwa kumjibu kwa sababu jibu tulikuwa tumelikata.

6 Novemba

Kikao cha kamati, saa mbili na nusu, na chote juu ya Finnsburg.

Hoja yangu ilikuwa hii. Mshairi ameweka mama watatu mfululizo. Wa kwanza ni Hildeburh, ambaye mwanawe amekwisha kufa. Anafuata Wealhtheow, ambaye wanawe wako hai na wamekaa mbele yake, naye anahisi yatakayowapata. Usiku huohuo anakuja wa tatu, mama yake Grendel, kudai damu ya mwanawe. Mkono mmoja umewapanga hivyo. Ukimwondoa wa kwanza, wa pili anakuwa mwenyeji mwenye adabu tu, na wa tatu anakuwa zimwi tu, wakati ambapo mshairi anamwita mwanamke na anasema waziwazi kwamba moyo wake ulikuwa na majonzi. Wale wanaoviita visa hivi "michepuko" wameusoma utenzi kwa macho yanayotafuta hadithi iende mbele. Msikilizaji aliyekaa kitini jioni ya Novemba hana haraka hiyo, na kisa kikisimuliwa kwa sauti anakishika hata kama majina yanamtoka.

Tumeamua kwamba tangu sasa hatutakata hata mstari mmoja, na kwamba kikao cha nne kitaanza na Finnsburg.

14 Novemba

Tumewaomba wasikilizaji radhi, tumesoma Finnsburg yote, na baada yake hotuba ya Wealhtheow kwa mara ya pili, kisha tukaingia moja kwa moja katika ujio wa mama yake Grendel. Hakuna aliyesogeza kiti. Watu walikuwa 26.

Kwenye mazungumzo ya mwisho, muuguzi mmoja wa zamu za usiku alisema kwamba hakuweza kumshangilia Beowulf alipozama ziwani kumfuata yule mama. Wengine walimpinga, na mjadala ukaendelea hadi mlinzi alipokuja kuzima taa.

24 Novemba

Safari ya Sutton Hoo, watu kumi na mmoja. Kutoka Ipswich tulipanda treni hadi Melton, kisha tukatembea kwa miguu hadi kwenye vilima vya makaburi juu ya mto Deben. Hapa, mwaka 1939, Basil Brown, mchimbaji aliyejifunza kazi mwenyewe, akiwa ameitwa na mwenye ardhi, Edith Pretty, alifukua kaburi la jahazi lenye urefu wa mita 27 hivi, la mwanzoni mwa karne ya 7. Mbao zilikuwa zimeoza zote. Kilichobaki ni umbo la jahazi katika mchanga na safu za misumari ya chuma iliyokaa palepale ilipopigiliwa.

Miongoni mwa vitu vilivyotoka humo, pamoja na ile kofia ya chuma ambayo kila mtu ameiona pichani, ni vipande vya ala ya nyuzi sita, ya mti wa mepo (maple), iliyokuwa ndani ya mfuko wa ngozi ya biva (beaver), mnyama wa mitoni. Mwanzoni wataalamu waliviunganisha vipande hivyo kwa umbo lisilo lake, na ni baadaye ndipo walipotambua kwamba nyuzi zilitoka kwenye kijiti cha juu, kilichoshikwa na mikono miwili, zikashuka hadi kwenye kasha la sauti. Mkenya yeyote aliyewahi kumwona Mjaluo akipiga nyatiti anaijua familia hiyo ya ala, ingawa nyatiti ina nyuzi nane. Seremala mmoja katika kundi letu ametengeneza mfano wake, naye ameanza kuupiga kati ya sehemu na sehemu katika vikao vyetu. Hapigi wakati msomaji anasoma. Tulijaribu mara moja katika mazoezi, na sauti ya nyuzi ilishindana na mikazo.

28 Novemba

Kikao cha tano kilikwenda vizuri. Mzee Hrothgar anamwonya Beowulf, kijana aliyetoka kushinda, kwamba nguvu zake ni za muda tu: maradhi, au upanga, au moto, au mafuriko, au uzee wenyewe utamchukua. Tulimpa sehemu hiyo msomaji mwenye umri mkubwa kuliko wote.

Mwishoni kabisa tulifika kwa Ingeld, mwana wa mfalme ambaye Beowulf anatabiri kwamba ndoa yake ya kuleta amani haitadumu. Jina hili lina historia. Mwaka 797 Alcuin, mwanachuoni wa York, aliandika barua akitaka kwenye meza ya makasisi asikilizwe msomaji wa neno la Mungu, na si mpiga kinubi, kisha akauliza Ingeld ana nini na Kristo. Kwa lalamiko hilo tunajua kwamba nyimbo za mashujaa hawa zilikuwa zikisikilizwa mezani, na zilipendwa kiasi cha kumkera mkubwa wa dini.

12 Desemba

Mvua, watu 15. Kikao cha sita kina mistari niipendayo kuliko yote, ya yule mtu wa mwisho wa ukoo wake, anayezika dhahabu ya watu waliokufa wote na kuiambia ardhi iyashike sasa yale ambayo watu hawakuweza kuyashika. Anataja kofia isiyo na wa kuing'arisha, kinubi kisicho na furaha, mwewe asiyeruka ukumbini. Msomaji aliwahi mno. Baada ya kikao alikuja mwenyewe kuniambia kwamba ameharibu, na kwamba angependa airudie. Tumempa nafasi ya kuisoma tena mwanzoni mwa Januari.

9 Januari

Kikao cha saba, cha dereva wa basi. Watu 29, wengi kuliko wakati wowote.

Kabla ya kulikabili joka, Beowulf anakaa kwenye ncha ya mwamba na kuzungumza na wenzake. Anamkumbuka Hrethel, mfalme aliyemlea, ambaye mwanawe mmoja, Haethcyn, alimuua nduguye Herebeald kwa mshale uliokosea shabaha. Hrethel hawezi kudai fidia wala kisasi, maana muuaji naye ni mwanawe. Hapo mshairi analeta mfano wa mzee ambaye mwanawe amenyongwa, na ambaye kila asubuhi anaamka akiukumbuka mwendo wa mwanawe kwenda kuzimu. Nilikuwa nimeahidi kuijaribu sehemu hii katika mizani ya utenzi wetu, na kwa ruhusa ya wote nilizighani beti mbili baada ya dereva kumaliza:

*Mzee ana simanzi*
*kwa mwana wake kipenzi*
*aliyetiwa kitanzi*
*kunguru wamshukiya*

*Atazamapo chumbani*
*upepo tu u nyumbani*
*hakuna furaha ndani*
*kinubi hakitaliya*

Waingereza hawakuelewa maneno, lakini walikisikia kina cha mwisho kikirudi, na mwalimu mstaafu aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kuhesabu. Nimepoteza mengi katika kufanya hivyo. Utenzi wa asili hauna ukamilifu huu wa ubeti unaofunga: majonzi ya mzee yanamwagika kutoka mstari hadi mstari bila kupata pa kutua, na kina cha -ya kinampa mzee huyo utulivu ambao mshairi alimnyima. Nikipata muda nitajaribu tena kwa bahari nyingine ya ushairi.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mama wa makamo ya juu kutoka Unguja, ambaye Waswahili wote wa mtaani kwetu tunamwita Bibi. Amehudhuria kila kikao tangu cha nne. Nilipokwenda kumwamkia alinishika mkono kabla sijamaliza shikamoo yangu. "Marahaba mwanangu," akasema. "Baba huyu atakaa matanga na nani?" Nikamwambia kwamba utenzi unasema alirudi kitandani peke yake, akaimba wimbo wa msiba, na mashamba na nyumba vikamwonea vikubwa mno. Akatikisa kichwa. "Peke yake," akasema, na hakuniachia mkono mpaka basi lake lilipofika.

23 Januari

Kikao cha mwisho, cha nane. Viti vyote 40 vilijaa, na watu sita walisimama nyuma.

Baada ya kifo cha Beowulf, mjumbe anawatangazia Wageati yatakayowafika: Wafranki na Wafrisia watasikia, Waswidi watakuja, na asubuhi nyingi watu watashika mikuki iliyo baridi mkononi, bila kinubi cha kuwaamsha. Kisha wanaliwasha lundo la kuni za kuuchomea mwili wake, na mwanamke wa Kigeati anaimba maombolezo kwa ajili yake na kwa ajili ya siku mbaya anazoziogopa. Hapa pana pengo baya kuliko yote. Ukurasa wa mwisho wa mswada umechakaa sana, na maombolezo yake yanasomeka kwa vipande tu. Wafasiri huyaziba mapengo kwa kubahatisha. Sisi tuliyasoma yale tu yaliyo hakika, na kila palipo na pengo msomaji alinyamaza kwa pumzi moja, kama tulivyokubaliana Oktoba. Sikutarajia kwamba kimya hicho kingekuwa kirefu namna ile. Mara ya tatu nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi pamoja na msomaji.

Wanajenga kaburi la kilima kwa siku kumi, juu ya rasi, lionekane na mabaharia kutoka mbali. Wapanda farasi kumi na wawili wanalizunguka wakimsifu. Mstari wa mwisho unasema alikuwa mpole kuliko wote kwa watu wake, na neno la kumalizia, *lofgeornost*, maana yake ni mwenye shauku kubwa kuliko wote ya kusifiwa. Mwalimu mstaafu alirudia mistari hiyo ya mwisho kwa Kiingereza cha Kale, na seremala hakupiga chochote baada yake. Mabishano juu ya neno hilo, kama ni sifa au ni lawama, yaliendelea hadi maegesho ya magari, na yatakuwa mada ya kikao cha tathmini mwezi ujao, pamoja na suala la ukumbi na ombi la dereva wa basi la kusoma kikao cha kwanza mwaka ujao, ikiwa kamati itakubali pendekezo langu la Wimbo wa Roland, utenzi wa Kifaransa cha Kale wenye mistari zaidi ya 4000.

24 Januari

Taa na viti vimerudishwa. Nakala zenye alama za penseli nimezikusanya zote saba.

Bibi ameniomba nimwandikie zile beti mbili, azipeleke kwa dada yake Unguja, ambaye macho yake yamepungua. Nimeziandika asubuhi hii kwa wino mweusi na herufi kubwa, nikaziweka ndani ya bahasha, na kuziacha mlangoni kwake nikielekea kazini.